Sampo ndo kapteni: jibu kwa chalii wa Pasua na wenzake watatu

Swali lilikuja hivi, nimelipunguza kidogo na jina la wimbo nimelitoa:

"Shikamoo kaka. Sisi ni wachanaji wanne. Mimi wa Pasua hapa Moshi, kuna dada mmoja wa Njoro, na machalii wawili wa Chuga (Arusha), mmoja Ngarenaro mwingine Sakina. Kila mtu ana kruu yake na watu wake wanaomkubali, ila tumeamua kuungana tutoe ngoma ya kwanza kama kundi. Prodyuza wetu amekata sampo, yani kipande, ya tarumbeta kwenye kaseti ya babu yangu, ni wimbo wa dansi wa miaka ya 70 aliurekodi redioni. Biti ni kali ila tumeshaanza kugombana. Mmoja anasema tutashtakiwa, mwingine anasema sekunde 5 haziwezi kuwa wizi, alafu kila mtu anataka aanze yeye, wamekubaliana tu kwamba dada afunge. Wale wakubwa wa Marekani wakiungana, ngoma ya kwanza wanafanyaje? Na sisi tufanyeje?"

Marahaba mdogo wangu, wasalimie na wenzio. Hiyo biti nimeisikiliza kama mara kumi na mbili hivi, ya kwanza kwenye simu nikiwa kwenye daladala, zilizobaki kwenye spika za studio, na prodyuza wenu ana sikio, hilo mpeni. Ana na makosa mawili matatu, ntayafikia.

Kwanza hilo la Marekani, maana humo humo kuna dawa ya ugomvi wenu. Machalii waliokua mtaa mmoja wakitoa ngoma ya kwanza wanakuwa na miaka nyuma yao ya kukaa kijiweni, washajua nani anachekesha, nani anatisha, nani akishika maiki watu wanakaa kimya. Nyie hamna hiyo, mmekutana kila mtu akiwa bosi kwake, hakuna anayejua kundi lenu linasikikaje, hata nyie wenyewe hamjui. Sasa bila kitu kimoja ambacho wote wanne mnakitii, ngoma inatoka kama kolabo ya watu wanne waliopishana mlangoni. Na kwenye hip hop kitu hicho mara nyingi ni sampo. Kapteni wa mechi ya kwanza ni sampo, sio mchanaji yeyote.

Mfano ninaoupenda ni kundi la Gravediggaz. Prince Paul na Frukwan walitoka kundi la Stetsasonic, Poetic alikuwa anachana peke yake, RZA alikuwa ameshatoa singo mwaka 1991 kwa jina la Prince Rakeem na haikumfikisha popote. Wote wanne walishapita kwenye lebo moja ileile na hakuna aliyetoka pale anacheka. Prince Paul ndo akawakusanya, wakajipa majina ya makaburini, na mwaka 1994 wakatoa singo yao ya kwanza kama kundi, "Diary of a Madman", chini ya Gee Street. Angalia sasa walichofanya. Wamechukua kipande cha Johnny Mathis, wimbo unaitwa "No Love (But Your Love)", na kwa wasiomjua, Johnny Mathis ni mwimbaji wa mapenzi, sauti ya hariri, muziki wa kuchezea harusi wazazi wamekaa mbele. Wamekata kidogo, wakakizungusha kinajirudia kinajirudia mpaka ule utamu ukaharibika ukawa kitu cha kuogofya, kama mtu anayekutabasamia bila kuacha. Hapo hapo sampo ikawa imeshaamua kila kitu, kwamba hapa hatuchani habari za magari, hapa tumerukwa na akili. Ndo ikaja na kisa chake, ngoma yote ni mahakama, washtakiwa wanajitetea kwamba ni vichaa, kila vesi ni ushahidi wa mtu kizimbani. Na humo ndani hawapo wao tu, kuna Killah Priest na Shabazz the Disciple nao wamechana. Kwa idadi hiyo ya watu ilitakiwa iwe soko la Kilombero siku ya Jumamosi, lakini haipotei hata sekunde moja, kwasababu kila anayeingia anaikuta ile sauti imeshakaa inamsubiri, lazima aivae.

Isikilize kwa hedifoni alafu jiulize, ukimtoa mchanaji mmoja ngoma inakufa? Haifi. Ukiitoa ile sampo je?

Kinyume chake ni The Firm, Nas, AZ, Foxy Brown na Nature, mwaka 1997. Kwenye karatasi hakuna kundi zuri kama lile New York mwaka ule, na Dr. Dre yuko nyuma yao. Singo yao "Firm Biz" imejengwa juu ya "Square Biz" ya Teena Marie ya mwaka 1981. Wimbo mzuri ule, sina ugomvi nao, ila waliuchukua na sherehe yake yote na jina lake nusu, wakaja kukaa juu yake kama wageni waalikwa. Wewe unayesikiliza unakumbuka Teena Marie, unamkumbuka Nas, kundi hulioni. Albamu ilianza namba moja kwenye chati ya Billboard na bado ikawa ya kwanza na ya mwisho. Sisemi sampo peke yake ndo iliwaua, mambo yalikuwa mengi, ila mi naona dalili ilikuwepo tangu ile singo.

Alafu kuna Black Star, 1998, Mos Def na Talib Kweli, wawili tu na Hi-Tek kwenye biti. "Definition" imekaa juu ya wimbo wa Boogie Down Productions (BDP), kundi la kina KRS-One, yani hip hop inaisampo hip hop, na kiitikio kimechukua mwendo wa BDP pia, ila maneno yanawataja 2Pac na Biggie waliopigwa risasi mmoja Septemba 1996 mwingine Machi 1997. Hapo sampo imefanya kazi tofauti, imewaambia watu sisi ni wajukuu wa nani. Nyie kwa kaseti ya babu mko karibu na hawa kuliko mnavyodhani.

Na wala sio lazima muende New York. Kundi la Weusi wa hapa Chuga wametokea hivyohivyo, Joh Makini na mdogo wake Nikki wa Pili upande wa River Camp, G Nako na Lord Eyes upande wa Nako 2 Nako, watu waliokuwa na majina yao kabla ya kukaa meza moja. Ilichukua mda watu kuzoea kuwaita kwa jina moja.

Haya, tuingie kwenye biti yenu.

Mlichokata ni baa mbili (baa moja ni mapigo manne) za tarumbeta za mwanzo kabla mwimbaji hajaanza. Nimeipima, orijino inatembea kama BPM 96, yani mapigo 96 kwa dakika, mmeishusha hadi 90 kwa kuivuta, na ukivuta hivyo sauti nayo inashuka, kutoka 96 kwenda 90 unapoteza nusu toni na kachenji kidogo. Hiyo sio mbaya, tarumbeta inapata uzito, wakongwe walikuwa wanafanya hivyo makusudi. Ile mashine ya kusampo ya SP-1200 ya mwaka 1987 ilikuwa na sekunde 10 tu za kuhifadhi sauti, kwaiyo mtu anaweka santuri ya spidi 33 anaipiga kwa 45 ili wimbo upite haraka ule nafasi ndogo, alafu ndani ya mashine anaishusha tena irudi kwenye mwendo wake, na yale mavumbi unayosikia kwenye ngoma za zamani nusu yake yametokana na ubahili huo. Watu leo wananunua plagini ya kuweka vumbi. Nyie vumbi mnalo bure, ni kaseti ya babu.

Shida iko kwenye besi. Kaseti inakuwa haiko sawa na kinanda, mkanda umelegea, mota ya redio ya babu ilikuwa inakimbia au inachechemea, na mkiongezea ule mvuto wenu tarumbeta imekuja kukaa katikati ya noti mbili. Prodyuza akapiga besi kwenye noti kamili ya kinanda. Ndo maana ukiisikiliza kwa sauti kubwa kuna kitu kinauma kwenye meno na hamjui ni nini. Asiguse besi, asogeze sampo, kama robo toni hivi juu, asikilize kwa masikio sio kwa kuangalia namba kwenye skrini. Ikikaa atajua mwenyewe, spika zitaacha kupigana.

La pili, bendi za zamani zilirekodi laivu, watu wamesimama chumba kimoja, hakuna kliki ya kuhesabia mapigo masikioni, mpiga dramu akinogewa anakimbia kidogo wote wanamfuata. Kwaiyo baa ya pili yenu ni fupi kuliko ya kwanza kwa kiasi kidogo sana, na kwenye maungio kuna kitiki kinasikika, tik, kila baada ya sekunde 5. Aunganishe kwa kufifisha, dakika mbili tu kazi imeisha.

Ila kwenye hayo maungio nimesikia kitu kingine na nataka mnisikilize hapa. Mwisho kabisa wa lupu, yani kile kipande kinachozunguka, tarumbeta inapomaliza, kuna mtu anavuta pumzi. Sikilizeni kwa hedifoni, iko kushoto kidogo. Ni mwimbaji wa ile bendi anajiandaa kuanza, kasogea kwenye maiki, kavuta hewa, na pale pale mkasi wenu unamkata, tarumbeta inarudi mwanzo. Ngoma nzima mzee wa watu anavuta pumzi haimbi. Prodyuza akisafisha kitiki msimruhusu asafishe na hiyo pumzi. Ntarudi hapo.

Sasa habari ya kushtakiwa. Huyo anayesema sekunde 5 haziwezi kuwa wizi mwambieni aliyemfundisha alimdanganya, hakuna sheria ya sekunde ngapi, ni hadithi ya kijiweni na imezunguka dunia nzima. Mwaka 1991 Biz Markie alipelekwa mahakamani New York kwa kusampo "Alone Again (Naturally)" ya Gilbert O'Sullivan, jaji akafungua hukumu yake kwa amri ya kwenye Biblia, usiibe, na albamu ikaondolewa sokoni. Albamu yake iliyofuata, 1993, akaiita "All Samples Cleared!", yani sampo zote zimeombewa ruhusa, unaweza kucheka ila alikuwa ameumia. Mwaka 2005 mahakama ya rufaa moja ya Marekani ikaenda mbali zaidi, kesi ilikuwa gita la Funkadelic la sekunde 2 lililoshushwa sauti mpaka halitambuliki vizuri, wakasema chukua leseni au usisampo. Mwaka 2016 mahakama nyingine ya rufaa ikakataa msimamo huo, na kesi yao, angalia bahati, ilikuwa ya tarumbeta, kipande cha sekunde 0.23 kwenye "Vogue" ya Madonna, wakasema ni kidogo mno hakuna msikilizaji wa kawaida atakayekigundua. Kwaiyo hata wao wenyewe kwa wenyewe hawajakubaliana. Ila ya mwenzenu Madonna ni 0.23 na hakuna anayeisikia, yenu ni 5 na inajirudia ngoma nzima, mzee yeyote akikaa kibarazani akiisikia ataitaja bendi kabla hamjaanza kuchana. Hamna pa kujificha.

Na msidhani ngoma ikiwa ndogo hamna atakayejua. Prince Paul huyohuyo wa Gravediggaz, mwaka 1989 ndo alikuwa prodyuza wa albamu ya kwanza ya De La Soul. Ndani kuna kipande kifupi cha dakika moja na kitu, sio hata wimbo kamili, wamesampo The Turtles bila ruhusa. Wakashtakiwa, wakamalizana nje ya mahakama kwa hela. Alafu sampo za albamu zile ziliwasumbua miaka na miaka, kazi zao za mwanzo hazikuwepo kwenye majukwaa ya kusikilizia mtandaoni mpaka Machi 2023, na Trugoy mmoja wao alifariki Februari 2023, wiki chache kabla. Hebu fikiria.

Sheria yetu ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ofisi ni COSOTA. Kuna vitu viwili na watu wanavichanganya sana. Kuna utunzi, yani mashairi na melodi, na kuna rekodi, yani ule mkanda wenyewe. Ukikata sampo umegusa vyote viwili, kwaiyo unabisha hodi milango miwili. Utunzi unalindwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo, sasa chukulia Mbaraka Mwinshehe, alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari, piga hesabu utaona tungo zake zinafika mpaka mwisho wa 2029, kwaiyo neno "wimbo wa zamani" halina maana yoyote kisheria, mwenye haki leo ni mjane au mtoto au mjukuu ambaye pengine anaendesha bodaboda jirani yako. Rekodi ndo ina vurugu zaidi, kwasababu kwa miaka mingi studio ya bendi zetu ilikuwa ni Redio Tanzania Dar es Salaam, bendi inaingia inapiga inaondoka, mkanda unabaki redioni, na leo hiyo maktaba iko TBC. Na nyimbo zilizotoka kwa santuri nyingi zilichapwa Nairobi kwasababu sisi hatukuwa na kiwanda, kwaiyo mwenye rekodi anaweza kuwa kampuni ya Kenya. Kaseti ya babu sio hati ya kumiliki, samahani, babu alirekodi tu redioni kama wazee wote.

Mnaanzaje? Anzeni COSOTA, nendeni na jina la wimbo, bendi na mtunzi mkiuliza kama kazi imesajiliwa na nani anaisimamia. Mkishampata mtu wa familia nendeni kwa miguu yenu, msitume meseji, nendeni wawili na mmoja awe wewe mwenye kaseti, mkae, mpewe chai, muwasikilizishe biti hapo hapo. Mkikubaliana andikeni, hata ukurasa mmoja, wimbo gani, sekunde zipi, asilimia ngapi, sahihi na tarehe, mashahidi wawili.

Nasema hivi kwasababu mi mwenyewe nilishajichoma. 2003, kompyuta ya kuazima, programu ya Fruity Loops, nikakata gita kwenye kaseti kama nyie, kundi la machalii watatu kila mmoja katoka kruu yake, ngoma ikapigwa redio za hapa wiki kama tatu tukaanza kujiona. Siku moja akaja mzee studio, kavaa koti la suti na kandambili, kapanda basi kutoka Moshi. Alikuwa ndo mpiga gita. Nilijua anakuja kudai hela nikaanza kujitetea kabla hajakaa, yeye akaomba tu asikilize kwa hedifoni. Akasikiliza yote mpaka mwisho macho kafumba. Alafu akaniambia tumemkata kabla hajamaliza kusema. Akaniomba gita, nikampa la pale studio lenye nyuzi tano, akapiga, na kweli, ile phrezi yake ilikuwa na swali na jibu, sisi tumechukua swali tukalizungusha dakika nne, kwa miaka thelathini jibu lake analijua yeye tu na bendi. Nilitamani ardhi inimeze. Tukakubaliana apige upya swali na jibu, na apate fungu lake. Mmoja kati ya wale watatu akagoma kupunguziwa asilimia, akasema mzee apewe nauli inatosha. Ngoma haikurudiwa, kundi likafa pale pale kwenye korido. Kosa la kwanza lilikuwa langu, niliwapa biti bila kuwaambia ina deni.

Kwaiyo mgao muongelee leo kabla ya maiki kuwashwa. Hesabu ni rahisi na inauma. Tuseme familia ya mtunzi inataka nusu ya utunzi, na wakitaka nusu msishangae maana tarumbeta ndo uso wa ngoma. Inabaki 50. Nyie wanne na prodyuza ni watano, kila mtu 10. Kama kuna mtu hapo 10 inamkera, bora mjue sasa hivi kwenye kikao kuliko siku ngoma inagonga.

Kuna njia ya kupunguza milango ikabaki mmoja, nayo ni kupiga upya. Mkitafuta mpiga tarumbeta akaipiga ile melodi mwanzo, rekodi inakuwa yenu, mnabaki kuomba utunzi tu. Watu wa brasi wapo, vikundi vya makanisani Moshi vimejaa wapuliza tarumbeta wazuri wanaosubiri Jumapili ifike. X Plastaz wa hapa Arusha walipotaka sauti ya Kimasai kwenye hip hop hawakwenda kuikata kwenye mkanda wa mtu, walikuwa na Merege, Mmasai mwenyewe, anaimba laivu ndani ya kundi, na albamu yao ya 2004, "Maasai Hip Hop", ikazunguka mpaka Ulaya. Ila kama mnafikiria kuhamia kwenye nyimbo za jadi mkidhani hazina mwenyewe, ulizeni BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kwanza, sheria yetu inagusa na hizo. Hasara ya kupiga upya mnaijua, vumbi linapotea, na ile pumzi nayo inaondoka. Mi ningekuwa nyie ningepambania orijino, na upya ningeuweka mfukoni kama akiba.

Kitu kimoja kingine cha haraka, hizi kampuni za kusambaza muziki mtandaoni zinakuwekea kisanduku utiki kwamba sauti zote ni zako. Msitiki kabla ya karatasi. YouTube ina mashine inayotambua rekodi, na mashine haielewi kwamba ni kaseti ya babu.

Urefu nao mkauangalie. Kwa BPM 90 baa moja ni sekunde 2.67 hivi. Mmeniambia kila mtu kaandika baa 16, wanne ni 64, ongeza kiitikio cha baa 8 mara tatu, mnafika 88, hiyo ni karibu dakika 3 na sekunde 55 bila intro. Punguzeni ziwe 12 kila mtu, jumla 72, inakuwa dakika 3 na sekunde 12, na niamini, kwenye zile baa 4 mlizokata hakutapotea mstari hata mmoja mzuri, kila mchanaji ana baa 4 za kujitambulisha ambazo hakuna aliyeziomba.

Sasa nani aanze. Nyie mnaligombania kwa ukubwa wa jina, nani ana wafuasi wengi, Chuga au Moshi. Achaneni na hayo, muulizeni kapteni. Nilipitisha acapella zenu zote nne, yani sauti tupu bila biti, juu ya lupu moja moja. Chalii wa Ngarenaro ana sauti ya juu ya kukwaruza, anakaa palepale ilipo tarumbeta, wakiingia pamoja wanazomeana, huyo aje baada ya kiitikio cha pili mkiwa mmeitoa tarumbeta mkabakiza dramu na besi, hapo atawaka. Wa Sakina anachana kwa kasi anajaza kila nafasi, mzuri wa kufunga. Wewe unachelewa nyuma ya biti kidogo, una raha yako, kaa vesi ya pili.

Dada wa Njoro mmemweka mwisho, sijui mliogopa nini. Sauti yake iko chini, nzito, inapita chini ya tarumbeta bila kugusana nayo. Alafu nikafanya jaribio. Lupu ikazunguka mara mbili peke yake bila dramu, mara ya tatu ilipofika kwenye ile pumzi nikanyamazisha kila kitu, mzee akavuta hewa, na baa ya kwanza ya dada ikaanzia hapo hapo. Fundi wangu aliyekuwa amelala kwenye kochi akainuka akauliza huyo mwimbaji mwanamke wa bendi ni nani.

Nimewatumia kipande hicho, sekunde 20. Sikilizeni mkiwa wote wanne chumba kimoja, na mkija kurekodi njooni na faili za wav kwenye flash, hiyo ya WhatsApp imeshakatwakatwa haifai.